Trela ya Mama na Mkwewe

Mwezi wa nane uliopita kijana mmoja kutoka Kakamega mjini alikuja kwetu Lugari kujitambulisha, kwa sababu anataka kumwoa mjukuu wangu. Alishuka garini, akavuka ua kwa hatua ndefu, na kabla mtu hajamwonyesha pa kukaa, akamkumbatia binti yangu, yaani mama mkwe wake mtarajiwa, akampigapiga mgongoni na kumwambia amependeza. Binti yangu akacheka. Watu wote wakacheka. Mimi niliyekuwa nimeshika sinia ya vikombe nilijiachia kuketi bila kuangalia kama nyuma yangu kuna kiti, na kwa bahati kilikuwapo. Walidhani ni presha, wakaniletea maji. Nikawaambia si presha, ni trela. Hakuna aliyeelewa, na wajukuu wakatazamana kwa namna ile wanayotazamana siku hizi kila nikifungua mdomo. Basi nimeamua kuandika, ili wakinitazama hivyo tena niwape daftari wasome wenyewe.

Mambo ya ukoo na mababu nayaacha, anayeyataka akawaulize waliopenda kuyasimulia. Inatosha kujua kwamba mwaka uliofuata Uhuru nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa miezi mitatu tu, na mume wangu aliitwa Barasa. Mama yangu, Kezia, alikuwa mjane. Mashamba ya Wazungu yalipoanza kukatwa vipande na kupewa Waafrika, Barasa aliomba kipande chake na mama akaomba chake, kila mtu na fomu yake, na karani aliyegawa aligawa kwa kufuata nambari. Nambari ya mama na nambari ya mkwewe zikafuatana. Kati ya mashamba yao palikuwa na kijito ambacho hata kuku alikivuka bila kulowa kifua. Sasa kwetu sisi, wakati ule, mwanamume na mama mkwe wake hawakuonana. Hawakushikana mikono, hawakukaa chumba kimoja, mmoja hakula mbele ya mwenzake, na hawakutajana kwa jina. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, lakini heshima ile ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Barasa akienda kunywesha ng'ombe alipiga mbinja wimbo wa kanisani ili mama ajue anakuja. Mama akiwa kijitoni alijibu kwa kukohoa, na Barasa akisikia kikohozi anageuza ng'ombe. Kuna wiki mama alishikwa na homa ya kifua ya kweli, akakohoa asubuhi mpaka jioni, na ng'ombe wetu nusura wafe kwa kiu.

Mama hakuwa amempenda Barasa tangu mwanzo. Barasa alikuwa karani wa duka huko Matete kabla ya kupata shamba, na mama alisema hajaona mahindi yakiota kwa kuandikwa. Siku tulipohamia alinivuta kando, nyuma ya mizigo, akaniambia hivi: "Nakupa mavuno ya kwanza. Mahindi yakiingia ghalani, sawa. Yakiozea shambani, nakuja kukuchukua." Na mama hakuwa mtu wa kutisha bure. Dada yangu mkubwa alikuwa amekwisha kumchukua kutoka kwa mumewe, asubuhi moja kabla ya chai, na sufuria zake zote kichwani. Mume yule alibaki mlangoni ameshika kikombe. Mimi sikutaka Barasa abaki ameshika kikombe. Nilimpenda sana, na nalisema hapa waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe nilimwambia mara chache mno, na sasa hayupo wa kuambiwa.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa chumba cha maziwa cha Mzungu aliyekuwa na shamba lile. Kilikuwa chumba kizuri, sakafu ya simiti, kuta nyeupe, lakini katikati ya sakafu ulipita mfereji wa kuondolea maji, upana wa kiganja, kutoka ukuta mpaka ukuta. Kitanda tulikiweka upande mmoja na jiko upande mwingine, na kijiko kikianguka ulikifuata nje. Mvua ikinyesha harufu ya maziwa yaliyochacha iliamka sakafuni, hata kama sisi wenyewe hatukuwa na maziwa. Tulikula obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda tumekaa huku na huku, miguu ndani ya mfereji. Nimeishi baadaye katika nyumba ya matofali yenye vyumba vitano na bado sijapata mahali pazuri pa kuweka miguu wakati wa kula kama pale.

Mwezi wa pili Mzungu jirani alitangaza kwamba anaondoka, na vitu vyake vingeuzwa kwa mnada uani kwake. Lugari nzima ilikwenda. Watu walinunua vitu ambavyo hawakujua ni vya nini. Mzee mmoja alinunua beseni refu la kuogea akawanyweshea humo ndama wake kwa miaka ishirini. Lakini kitu kilichokodolewa macho ni trela. Ilikuwa ya kuvutwa na trekta, sanduku kubwa la chuma na mbao juu ya magurudumu mawili, na chini ya sanduku palikuwa na jeki ya mafuta yenye mpini wa kupampu kwa mkono. Ukipampu, upande wa mbele wa sanduku unainuka, mlango wa nyuma unajifungua, na mzigo wote unamwagika wenyewe. Kwa watu waliokuwa wakibeba mahindi kwa vichwa vya wake zao, hilo lilikuwa jambo la kuota. Ukweli ni kwamba gurudumu moja lilikuwa halina upepo, mbao zilikuwa zimeoza, na ndani ya sanduku kulikuwa na kuku anayelalia mayai. Hayo tuliyaona baadaye.

Barasa alisimama mbele ya ghala, karibu na mwenye mnada, akiinua mkono. Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta kivuli. Kumbe mama naye alikuwapo, na naye aliitamani trela ileile, lakini aliposikia sauti ya mkwewe upande wa mbele, akazunguka akakaa nyuma ya ghala juu ya gunia, kwa heshima. Pembeni alimsimamisha Mzee Paulo wa kanisa, akiwa na amri kwamba kila mama akiinua kidole, yeye anainua kofia. Barasa aliona tu kofia ya mtu inapanda na kushuka kwenye kona, akachukia ile kofia. Mama hakuona chochote, aliambiwa tu na Paulo kwamba kuna mtu mkaidi huko mbele. Bei ikapanda. Mwenye mnada aligeuka kulia, akageuka kushoto, na jasho la furaha likimtoka. Nilipokuja kuchungulia, nikaona mkono wa mume wangu upande mmoja na kidole cha mama yangu upande mwingine, na kati yao ukuta wa ghala. Nilipiga mbio, lakini nilipofika bei ilikuwa imempita mama, imempita na Barasa, na kofia ya Mzee Paulo ilikuwa juu.

Hakuna aliyeweza kulipa bei ile peke yake, na ndivyo walivyonunua trela kwa pamoja. Mama alitoa mtamba wake mweusi, Barasa akauza baiskeli, na hata hivyo ilibidi waombe muda. Nilimwona Barasa usoni, amekasirika kwamba mama mkwe amemharibia, nikajua mama huko nyuma ana uso huohuo, na msimu wa kupanda ulikuwa hata haujaanza. Sijui maneno yalitoka wapi. Nilimwambia Barasa, "Mama alikuwa anakununulia wewe. Alitaka iwe zawadi." Akasafisha koo, akaangalia pembeni. Nikazunguka ghala nikamwambia mama, "Barasa alikuwa anakununulia wewe, kwa kuwa u mjane." Mama akasema, "Mmh." Kwa mama, mmh ilikuwa hotuba. Nikaona jinsi kazi ilivyo nyepesi, na hapo ndipo nilipoharibika.

Tangu siku hiyo kila neno kuhusu trela lilipita kwangu. Trela iliwekwa upande wetu, chini ya mti wa mkuyu, na mama alisimama upande wake wa kijito, amegeuza mgongo, akinituma. Mama alisema, "Mwambie huyo mtu wako gurudumu lililoshonwa kwa waya si gurudumu." Mimi nilivuka kijito, na nilipofika ng'ambo maneno yalikuwa yamekuwa, "Mama anasema pole na kazi, anakuombea." Barasa naye, mikono imejaa grisi, alisema kama mama anajua trela kuliko yeye basi aje atambae chini yake mwenyewe. Nikavuka tena, nikamwambia mama kwamba mkwe anaomba ushauri wake. Hilo lilikuwa kosa, maana mama alitoa ushauri wa siku tatu, kuanzia namna ya kufunga nati mpaka namna ya kunyoa ndevu, na mimi nikaubeba wote mpaka katikati ya kijito na kuuachia maji. Siku hizi watu wangesema nilikuwa mwongo. Mimi wakati ule niliona napika tu, kwamba hata nyama hailiwi mbichi.

Na Barasa alijitahidi, nisimwonee. Ulimi wa trela, kile chuma cha kuifungia kwenye trekta, ulikuwa umevunjika, akaubeba begani mpaka barabarani, akaupandisha juu ya basi, akaupeleka kwa fundi wa kuchomelea huko Lurambi. Alirudi na ulimi umenyooka na yeye amepinda. Mbao alizifuata kwa wapasua mbao wa Buyangu, msituni. Waliomuuzia walikuwa wamezipasua asubuhi hiyo, bado zinatoa maji, lakini alifurahi jinsi zilivyokuwa nzito, akafikiri uzito ndio uimara. Baada ya mwezi mmoja juani zilinywea, zikaachana, ukaweza kupitisha ngumi kati ya ubao na ubao. Tulipoijaribu kwa mzigo wa kwanza, ikivutwa na trekta ya jirani, mahindi ya mbegu yalidondoka njia nzima kutoka dukani, na kuku wa kila boma wakatoka kuifuata. Tuliingia nyumbani na msafara. Mama alisimama kwake amegeuza mgongo, lakini mabega yake niliyaona yanacheka.

Jeki ndiyo iliyotunyima usingizi. Ndani ya jeki ya aina ile kuna kipande cha ngozi, mviringo mdogo kama kifuniko cha chupa, kinachozuia mafuta yasirudi nyuma. Chetu kilikuwa kimeoza. Barasa alitafuta ngozi nzuri, laini, iliyotengenezwa vizuri, na katika nyumba yetu ngozi ya namna hiyo ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye viatu vyake vya harusi. Nilimkuta amekaa kitandani ameshika kisu na kiatu cha kulia, akiniangalia kama mtu anayetaka ruhusa ya kuchinja. Nikamwambia kata. Akakata, ikavuja. Wiki iliyofuata akakata cha kushoto. Jumapili mume wangu alikwenda kanisani na suti ya kijivu na viatu vya mpira, na waliomuuliza aliwajibu kwamba udongo wa Lugari haufai kwa ngozi. Mafuta yenyewe ya jeki yalikuwa ghali, kwa hiyo alijaza mafuta ya kupikia. Hilo lilifanya kazi mchana mmoja mzima, tukapiga makofi. Kumbe ilikuwa mwezi wa saba. Asubuhi baridi ya Lugari iliyagandisha mafuta ndani ya jeki, sanduku likabaki limeinama nusu, haliendi juu wala halishuki, siku tatu. Nilianika mtama juu yake.

Mwezi wa tisa Barasa aliita watu waone. Alipakia samadi, naye Makokha, jirani yetu mwenye trekta kuukuu, akaivuta mpaka katikati ya shamba, watu wakakaa duara. Barasa akapampu. Sanduku lilipanda mpaka kufika kimo cha goti, likasimama kidogo, halafu likarudi chini polepole kwa sauti ya mtu anayeketi baada ya safari ndefu. Akapampu tena. Likapanda, likaketi. Watu walikuwa na adabu, hawakucheka mpaka walipofika barabarani. Samadi tuliishusha kwa majembe. Jioni hiyo mama aliniita, akaniambia taratibu, na utaratibu ule ulinitisha kuliko kelele: "Huo ni mkokoteni wenye kiburi. Mahindi yangu yameanza kuinamisha vichwa, Naliaka. Mimi nahesabu." Nilivuka kijito nikamwambia Barasa kwamba mama anasema asikate tamaa. Kisha nikaingia ndani nikajifunika shuka, nikalia, kwa sababu Barasa alitabasamu aliposikia.

Mavuno yakafika. Watu wa ujirani walimsaidia mama kuvuna, maana mahindi yake yalitangulia kukauka, wakayapakia bila kuyapukuchua kwenye trela, ambayo ilikuwa imeegeshwa kwenye mpaka, na mpango ulikuwa kuyapeleka kwenye ghala la yule Mzungu aliyeondoka, ambalo sote tulikuwa tukilitumia. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Nandi kila alasiri. Siku moja kabla ya kupakia, Barasa alikuwa amepata mwishowe mafuta ya kweli ya jeki kutoka kwa Makokha, na ngozi ya ng'ombe aliyoiloweka wiki nzima. Aliijaribu mara nne. Mara nne sanduku lilipanda mpaka juu kabisa na kukaa. Alikuja mbio jikoni, akanyanyua mkono wangu wenye unga, akasema, "Nenda kamwambie mama jeki imepona. Kesho inamwaga mahindi yake, apende asipende. Na umwambie asikaribie trela, ni hatari." Nikaenda. Nilimkuta mama ana hasira na panya, na nikaona hii apende asipende haitavuka salama. Nikamwambia, "Barasa anasema kesho, Mungu akipenda." Basi. La hatari lilifutika pamoja na mengine. Mama naye akanituma: atakuja kukagua mzigo wake saa ya chakula, mkwe asiwe pale. Hilo nalo sikulifikisha, nikijua Barasa atajiona haaminiwi. Nilifikiri saa ya chakula atakuwa kwa Makokha anakula, kama watu wote.

Barasa siku hiyo hakula. Furaha ilikuwa imemshibisha. Mama alikuja kukagua kama alivyosema, akaona nyufa za zile mbao za Buyangu zimezibwa kwa magunia, hakuamini, akapanda juu ya mzigo kuangalia kwa ndani. Ndipo aliposikia trekta. Alidhani ni Makokha peke yake. Halafu akasikia sauti ya mkwewe, karibu kabisa, na hakukuwa na mbinja maana nani apige mbinja juu ya kelele za trekta. Kushuka, wangekutana uso kwa uso. Kukohoa, asingesikika. Kwa hiyo mama yangu, mwanamke wa heshima, alilala chali juu ya mahindi, akajifunika magunia mpaka puani, akanyamaza. Baadaye tulimuuliza kwa nini hakupiga kelele walipoanza kuondoka. Akauliza, "Ningemwita nani?" Na ni kweli, jina la mkwe halikutajwa. Tena hakuwa na wasiwasi. Trela ile ilikuwa haijawahi kumwaga kitu. Alijua kwa hakika kwamba wakifika watashusha kwa mikono, watu watakwenda kutafuta vikapu, na yeye atateremka upande wa pili polepole na kurudi nyumbani.

Mimi nilikuwa ghalani na wanawake kama kumi, tukingoja na vikapu vyetu. Trekta iliingia uani, Barasa amesimama nyuma ya kiti cha Makokha kama bwana harusi. Akaruka chini. Akatuamuru tusogee, na alipiga mikono yake pamoja kuondoa vumbi ambalo halikuwapo. Akashika mpini, akaanza kupampu. Sanduku likainuka. Likapita goti, likapita kiuno, likapita kichwa, na halikuketi. Sijui kama naweza kueleza uso wa mume wangu wakati ule. Nimezaa watoto saba naye, na hakuna mtoto aliyempa uso ule. Mlango wa nyuma ukafunguka, mahindi yakaanza kumiminika, wanawake wakapiga vigelegele, nami nikapiga kuliko wote. Halafu nikaona katikati ya mahindi buti la mpira. Nikalitambua. Nyuma ya buti likaja la pili, kisha gauni la kanisani, kisha mama mzima, ameketi wima, anateleza bila haraka, hindi moja katika kila mkono. Alifika chini akazama katika mahindi mpaka kiunoni. Vigelegele vilikatika kimoja baada ya kingine.

Barasa alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Walitazamana. Hawakuwa na namna nyingine. Mwaka mzima wa mbinja na vikohozi, na sasa walikuwa wanatazamana mchana kweupe mbele ya watu kumi na trekta. Barasa akavua kofia akajifunika uso, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa bado umeshika mpini wa jeki, hakuweza kukimbia. Makokha akazima injini. Mama hakumwangalia tena. Aliangalia juu, kwenye sanduku tupu lililosimama kuelekea mbinguni, akaliangalia kwa muda mrefu, akasema na trela, si na mtu:

"Kumbe inamwaga."

Wazee walisema jambo lile haliwezi kuachwa hivi. Mtu amemmwaga mama mkwe wake kama mahindi, wameonana, na lazima kusafishwe. Ilitakiwa kondoo achinjwe, wapeane zawadi, wale pamoja, na baada ya hapo wangekuwa huru kuonana na kusalimiana kama watu wengine. Siku ikapangwa. Kwa siku zote za kungoja mama hakunituma neno hata moja kwa Barasa, wala mimi hakunisemesha. Mahindi yake yalikuwa ghalani, makavu, mvua ilinyesha ikayakosa, na bado sikujua msimamo wake, maana alipodai mavuno yaingie ghalani hakuwa amesema yeye amwagwe pamoja nayo. Alipokuja siku ya kondoo, nilimwona kutoka mlangoni anavuka kijito. Kwapani alikuwa na kuku wa zawadi. Begani alikuwa na kamba mpya ya kufungia mizigo. Dada yangu nilimwona akifungiwa vyombo kwa kamba ya namna ile, nikaanza kuhesabu sufuria zangu.

Tulikaa katika chumba cha maziwa. Mama upande mmoja wa mfereji, Barasa upande mwingine, Mzee Paulo na mzee mwingine ukutani. Mama alimpa Barasa kuku, Barasa akampa mama blanketi. Nikapakua obusuma na nyama. Mama alimega, akameza, na Barasa akamega, akameza, macho ya wote wawili kwenye sakafu. Hakuna chakula nilichowahi kupika kikaliwa kwa woga namna ile. Walipomaliza Mzee Paulo akasema sasa hakuna kizuizi, waongee. Nikasikia maji ya kunawia yanateremka kwenye mfereji. Barasa, maskini, akatafuta kitu kizuri cha kuanzia.

"Mama," akasema, "nakushukuru kwa maombi yako. Mwaka mzima jeki iliponishinda, uliniombea."

Mama aliinua uso. "Maombi gani?"

"Yale uliyokuwa unatuma. Na pole zako. Na ile siku ya samadi, uliposema nisikate tamaa."

"Siku ya samadi," mama akasema polepole, "mimi nilisema huo ni mkokoteni wenye kiburi."

Nikasimama nikasema naenda kuleta chumvi. "Keti," mama akasema, bila kunitazama. Nikaketi. Akamuuliza Barasa yeye alifanya nini na ushauri wake, ule wa siku tatu aliouomba. Barasa akauliza ushauri upi, maana yeye hakuwahi kuomba ushauri, na kama ni kusema kweli, alisema mama aje atambae chini ya trela mwenyewe. Mama akasema, "Ningekuja." Wakaendelea hivyo, mmoja anatoa neno alilopewa, mwenzake anatoa neno lililotumwa, wanayaweka kando kwa kando kama watu wanaopima viatu. Walifika mpaka kwenye mnada. Walifika mpaka kwenye ile apende asipende, na ile hatari isiyovuka kijito. Mzee Paulo alikuwa ameziba mdomo kwa kofia. Mwishowe hawakuwa na jingine, na wote wawili, mtu na mama mkwe wake, wakageuza vichwa pamoja wakanitazama mimi.

"Naliaka," mama akasema, "mwaka mzima ulikuwa unabeba nini?"

Nilisema tu ukweli, kwamba niliogopa. Kwamba nilitaka kubaki. Machozi yalinitoka mbele ya wazee, na sikuyafuta.

Mama alichukua ile kamba begani, akaitazama, akaitupa kwa mkwewe kupitia juu ya mfereji. Na kwa mara ya kwanza akamtaja kwa jina. "Barasa, nilikuja kumchukua mtoto wangu. Sasa nimemjua, simtaki. Kaa naye wewe."

"Nitakaa naye, Mama," Barasa akasema.

Na alikaa nami, miaka hamsini na saba. Mama aliishi miaka thelathini ya hiyo ng'ambo ya kijito, na tangu jioni hiyo wakiwa na neno waliambiana wenyewe, kila mtu akivuka kwa miguu yake. Nilikuwa nikiwaona kutoka jikoni wamekaa juu ya ulimi wa trela, vichwa karibu, wanaongea mpaka jua linaingia, na saa nyingine wanacheka hadi mama anashika mbavu. Barasa akirudi ndani nilimuuliza mama amesemaje. Alinawa mikono, akaketi kula, akanijibu, "Anakusalimu tu." Nikivuka kumuuliza mama, naye alisema mkwe hakuwa na neno, alileta salamu. Sasa wote wawili wamelala, na mpaka leo sijui walikuwa wanasema nini.